Kadi Mpya

Ghorofa ya tano, Barabara ya Nkrumah,
kiyoyozi kinakohoa, na kadi zangu
bado zanukia wino: Mshauri Mshiriki.
Hadi Ijumaa nilikuwa Mchambuzi.

Kiti ni kilekile. Mguu wake mmoja
bado umefungwa utepe wa gundi.

Chengo ameketi mkabala nami,
anahesabu makontena ya Kilindini,
siku kwa siku, lango kwa lango,
macho mekundu kama aliyepiga mbizi.
Kazi yake: namba iwe sahihi.
Yangu, wanasema, namba iseme kitu.

Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza.
Mshahara umepanda, ndiyo; mama kule Kisauni
kapata friji, sasa anauza barafu za shilingi kumi.

Leo, kwenye kikao na mteja,
Bi Mkamburi akashusha miwani,
akaweka kidole juu ya mstari wa mia mbili na kumi na nne:
"Meli hii mmeihesabu mara mbili."

Chengo akaacha kupumua.
Nami nikakumbuka mwaka jana, meza hiihii,
kosa pacha wa hili, mikono yangu,
na Rukiya aliyewahi kusema "kosa langu"
kabla sijafungua kinywa.
Nilirudi nyumbani siku ile nikiamini
kwamba kweli lilikuwa lake.

"Kosa langu," nikasema.

Jioni, Makadara, nikamnunulia Chengo
viazi karai, ukwaju mwingi.
Hakunishukuru. Alikula upesi upesi,
akalamba vidole, akauliza
na yeye atachapiwa kadi lini.