Hesabu ya Magunia, Gongoni

Mimi ndiye karani wa magunia.
Kalamu sikioni, daftari kwapani,
nahesabu chumvi ya watu wengine
tangu jua halijakaza macho
hadi linapochoka.

Siku ile ya Februari upepo ulizima.
Mabwawa ya chumvi meupe, meupe hadi machozi,
mwanga wateremka, mwanga wapanda,
nami kati kama mkate wa kumimina:
moto chini, moto juu.

Habari ya jasho nilikuwa naijua.
Tabibu wa zahanati alitueleza, amekaa juu ya debe:
chini kabisa ya ubongo kuna mlinzi
mdogo kama kungu.
Hajui kusoma. Hajui jina lako,
wala kama wewe ni karani au punda.
Ana neno moja tu, thelathini na saba,
thelathini na saba, umelala, umeamka.
Damu ikichemka huisukuma hadi ngozini,
hufungulia jasho.
Na jasho linalodondoka, alisema, ni kazi bure;
linaloruka hewani ndilo linalopoza.

Lakini hewa ya siku ile ilikuwa imeshiba maji.
Haikutaka hata tone langu.

Kwanza iliondoka hesabu.
Baada ya mia na themanini na saba
nikaandika themanini,
kisha nane,
kisha nane,
nane,
na nikaona sawa kabisa.
Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo:
si kwamba nilikosea, bali kwamba niliona sawa.

Kisha ikaondoka haya.
Nilivua shati, nikamwita msimamizi mjomba,
nikamdai mbuzi wa mahari.
Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, nadhani.
Kisha majina, moja moja,
kama nyumba inayozimwa taa kuanzia orofani.
Ngozi ikakauka kama karatasi.
Mlinzi naye akaweka funguo chini.

Likabaki neno moja mdomoni, bila uso:
Nyevu.

Nyevu ni mke wangu. Alikuwa amerudi kwao Jilore
kwa maneno niliyomwambia
mwili ukiwa baridi, akili timamu.

Nyevu, nikasema. Nyevu.
Mwambire mpakiaji hakuwa akimjua.
Alidhani naomba kitu kinyevu.
Akachovya gunia tupu kwenye pipa la maji ya kunywa,
watu wakipiga kelele, maji yetu, maji yetu,
akanifunika, akanipepea na kifuniko cha ndoo,
akachovya tena, akapepea tena.
Maji yakaruka kutoka kwenye gunia.
Joto likadandia, likaenda nayo.

Hospitali ya Malindi walinipima:
arubaini na nukta tisa, baada ya gunia.
Kabla yake hakuna ajuaye.

Vikarudi kinyumenyume. Kiu.
Maumivu ya kichwa. Jina langu, Ngumbao,
likitoka mbali kama la mtu niliyesoma naye.
Haya ikarudi usiku, imeshika shati langu mkononi.
Hesabu ilikuwa ya mwisho.
Muuguzi aliuliza, mia toa saba?
Tisini na tatu.
Toa saba?
Themanini na sita.
Toa saba?
Nikalia. Akasema, basi, tutaendelea kesho.

Daftari lipo bado ofisini. Ukurasa ule
una nane zinazoteremka pembezoni
kama nyayo za mtu anayeingia majini.
Kampuni ilinikata magunia ishirini na sita.
Sikubishana.
Chumvi niliyoimwaga mimi, kwa ngozi yangu,
hakuna karani aliyeiandika.

Jumapili nilikwenda Jilore.
Nyevu alikuwa anapepeta mahindi, hakusimama.
Nikamweleza yote: mlinzi, gunia, jina lake.
Akakung'uta ungo. Akaja.
Akanigusa kipaji kwa mgongo wa kiganja,
kama apimavyo mtoto.
Bado una joto, akasema.

Nilikuwa thelathini na saba kamili.
Sikumsahihisha.