Dukani kwa Mihayo, Sikonge

Matairi mawili yamelala sakafuni.
Hili jipya: laki mbili na themanini,
bado lina vinywele vya kiwandani.
Lile elfu tisini, limeshazunguka nchi za watu,
limepigwa kiwi kama kiatu cha kuazima.

Nabonyeza kwa kidole gumba, kama mtu ajuaye.
Nje, wingu limeinamia njia ya Kitunda,

pale ambapo masika yaliyopita Probox iligeuka polepole
ikatazama tulikotoka,
na Kalunde, uchungu umemshika, akaniambia tu:
"Usikanyage breki."

Mtoto ana miezi kumi.

Nahesabu hela ya asali. Narudia.
Inatosha mapya matatu.
Mihayo anatazama pembeni,
anafuta vumbi kwenye lile la elfu tisini.