Viti vya Nazibrola

Jumanne ya kwanza tulikuwa wawili,
Nazibrola na mimi,
na viti saba alivyoazima kwa mwenye duka la majeneza,
ambaye mwenyewe hakuja.
Nje, theluji ya Kutaisi ilishageuka tope.
"Watakuja," alisema, misumari ya viatu midomoni,
maana hata mkutanoni alikuwa anapiga soli.
Mimi, mchonga funguo, sikujibu.
Nilimfuata jiko lake la kuni. Kibanda changu hakina.

Alikuwa amebandika matangazo mtaa mzima:
WENYE MADUKA, TUKUTANE, TUINUANE.
Mvua ikayasoma peke yake.
Nani aache kaunta yake akainuliwe na jirani
anayemuuzia mteja yuleyule soksi zilezile
kwa bei pungufu ya tetri kumi?

Wiki ya pili, karatasi moja tu, mlangoni kwake:
*Friji ya Lamara muuza jibini imezimika.
Nani anamjua fundi asiye mwongo?*

Wakaja kumi na mmoja.
Si kwa ajili ya Lamara, tusidanganyane.
Kila mtu alikuwa na fundi wa kumsifu
na mwingine wa kumsengenya.
Walibishana hadi saa nne usiku, wakamaliza chai,
na jibini likaokolewa,
nusu yake.

Tangu hapo, kila Jumanne swali moja mlangoni.
*Anayekudai humkimbia. Unayemdai, mbona naye anakukimbia?*
*Kodi ya pango imepanda: kwa nani, na kwa kiasi gani?*
*Ipo dawa ya panya isiyonukia unga?*
Hili la panya lilijaza chumba hadi ngazini.

Akaja Bezhani wa bima, koti jipya,
kadi zake akazigawa kama karata kabla hajaketi.
Nazibrola akazikusanya, moja moja,
akazifunga kwa mpira, akazitupa juu ya kabati.
"Jibu kwanza maswali matatu ya wenzako."
Akanuna wiki mbili.
Ya tatu akakesha na Guliko wa saluni
wakiufumbua mkataba ulioandikwa kwa lugha ya mawakili.
Kadi zingali kabatini, zina vumbi.
Nambari yake tunayo sote kichwani.

Mzevinari na Otari, waoka mikate,
walikuwa hawajasalimiana miaka tisa.
Sitasema walipatana.
Tanuri la Otari lilipopasuka
Mzevinari alimwokea mikate mia, akamtoza bei kamili,
na Otari akalipa, akihesabu kwa sauti.
Lakini sasa hukaa safu moja.

Na mimi?
Mwaka mzima kando ya jiko,
sikio wazi, mdomo nimeutia komeo.
"Wasemaji ni watano," Nazibrola alinitetea,
"waliobaki ni ukuta, na paa limekaa juu ya ukuta."
Nikafurahi kuitwa ukuta. Ukuta haulizwi hesabu zake.

Hadi Machi ile, nilipobandika kwa mkono wangu:
*Duka hufungwaje?*

Miaka thelathini nimeufungulia mtaa huu,
na sasa milango inafunguka kwa tarakimu.
Hakuna aliyesema pole. Hilo nawashukuru.
Otari aliuliza mashine yangu ina uzito gani.
Lamara akataka daftari la madeni, akavaa miwani.
Mtu nyuma akasema hoteli ya ng'ambo ya Rioni
ingali inatumia funguo, vyumba arobaini,
na wageni huzipoteza kama vitana.
Nazibrola akatema misumari kiganjani:
"Dirishani kwangu kuna ubao hauna kazi."

Basi nachonga hapo, funguo mbili tatu kwa siku,
na za hoteli zikija, sita.
Jumanne mimi ndiye mburuta viti.
Vimefika thelathini na vinne, hakuna viwili vinavyofanana,
kimoja mguu wake nimeufunga kwa waya.
Wiki iliyopita mwenye majeneza alikuja,
amefura, kudai vyake saba.
Vyote vilikuwa na watu.
Akasimama mlangoni, akalisoma swali,
akasema, "Hilo nalijua,"
na mtu akamsogelea kidogo,
akapata pa kukaa.