Goli Lafika Mara Tatu

Pipeline, ghorofa ya sita, usiku wa fainali.
Kwa Nyaboke kuna antena: hanga ya nguo
na kifuniko cha sufuria, vimeelekezwa Ngong.
Yeye ndiye hupiga mayowe kwanza.

Halafu sisi wa dishi. Mpira wetu
umepanda mbinguni, ukashuka umechoka;
mshambuliaji bado anavuta pumzi
na ukutani goli limeshaingia.

Mwisho ni Otwori, kebo ya landilodi,
mia tano kwa mwezi, waya umepita dirishani kwangu
nami huanikia soksi.
Hushangilia peke yake, jengo limenyamaza.

Dakika ya themanini, mvua.
Dishi likaandika: hakuna mawimbi.
Kebo nayo, panya au mwizi, hatujui.

Nikagonga kwa Nyaboke na kiti changu.
Otwori alikuwa ameshafika,
na karanga.

Picha inagandaganda, mguu huku, mpira kule.
"Shika hiyo waya," Nyaboke akaniambia. "Usisogee."

Nikasimama hivyo hadi penalti ya mwisho,
mkono juu, uso ukutani,
sioni kitu,
nasikia goli likiingia
mara moja tu.