Kiti cha Abiria

Pikapu ya nusu tani, ndivyo karatasi inavyosema.
Nyuma yake nyumba: vitanda vinne, jiko, choo,
mapazia ya maua aliyoyashona mama yake Shinuna
mwaka ule kabla figo hazijamkataa.
Mwanangu anaivuta. Mimi nimekaa kiti cha abiria,
mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa.

Miaka ishirini na sita nimevuta mabomba ya chuma
baina ya Fahud na Marmul.
Najua tairi linavyonong'ona kabla ya kupasuka.
Lakini daktari wa macho kanifungia leseni,
na asubuhi Shinuna, akifunga mkanda, kaniambia:
"Baba, leo mdomo wako ni mzigo. Uache nyumbani."

Barka, kwenye mizani ya kokoto,
Kunjumon alitoka na karatasi, hana haraka,
anaipepea kama jibu la mtihani wa mtoto wa jirani.
Kilo mia tatu na arubaini zimezidi.
Trela haina neno, Bi. Ni ekseli ya nyuma ya gari.
Pini imeikandamiza.

Nikasema
(mdomo haukubaki nyumbani, ulijificha chini ya kofia),
nikasema ah, gari hili litabeba,
mie nimebeba zaidi ya hayo, tena kwenye mchanga.
"Ndiyo, baba. Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi."
Akaenda mbele ya trela, akafungua bomba la tangi.

Maji yalitoka karibu nusu saa.
Lita mia tatu, zikitafuta njia katika vumbi jeupe
hadi mguuni pa mkunazi mmoja
uliosimama pale kama aliyeagiza.
Kisha jenereta, tukamwachia Kunjumon amana.
Kinu cha marehemu alikishika, akakiweka, akakishika tena.
Hakukiacha. Alikisogeza katikati, juu ya magurudumu,
mahali ambapo kitu kizito hakigombani na mtu.
Tukapimwa upya. Kalamu ya buluu: sawa.

Wadi al-Aqq.
Milima imeungua, haina hata unyasi wa kumdanganya mbuzi.
Kwenye mteremko lori la saruji likatupita kushoto,
upepo wake ukatusukuma, halafu ukatuvuta,
na nyumba ikaanza.
Kushoto. Kulia.
Kushoto zaidi.
Vyombo nyuma vikasema vyote kwa pamoja.
Mguu wangu ukakanyaga zulia, pale pasipo na breki,
ukakanyaga tena.

Yeye hakukanyaga kitu.
Aliinua mguu kwenye mafuta, basi,
usukani akaushika kama unavyoshika kikombe kilichojaa,
na kwa vidole viwili akafinya kile kikono chini ya redio,
breki ya trela peke yake.
Nyumba ikajivuta nyuma, ikasita,
ikanyooka kama mtoto aliyekumbushwa kuamkia.
Redio ilikuwa inasoma bei ya nyanya.
Hakuipunguza.

Ibra, kituo cha mafuta. Nikashuka
nikagusa magurudumu kwa mgongo wa kiganja,
moja moja, nikitafuta lenye homa.
Yote manne yalikuwa na joto la aina moja,
joto la watu waliofanya kazi.
Nikatafuta nati iliyolegea. Sikuipata.
Wallahi, nilitamani niipate hata moja.

Akaja na chupa mbili za maji.
"Kule mteremkoni, ulitaka kusema nini?"
"Lile lori halikuwasha taa."
"Na jengine?"
Nikanywa maji.

Sasa tunakwenda Bidiya, tangi tupu,
tutalijaza huko huko, kwa ndoo ikibidi.
Juu ya zulia jeusi, upande wangu,
kiatu kimechora alama mbili kwa vumbi la Barka,
moja imekolea kuliko mwenzake.
Shinuna ameziona.
Anatazama barabara.