Mwavuli Mkavu

Kitabu nilikikuta chini ya mizani,
mgongo umepinda, kimebeba mguu mfupi wa chuma
miaka sijui mingapi, ofisi ya vifurushi, stesheni ya Tabora.
Nilipokichomoa, mizani ikaanza kusema uongo:
gunia la karanga la Mama Nyanzala likapungua robo kilo
naye akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezila.

Nikaweka kipande cha mninga. Mizani ikatubu.
Kitabu nikakipangusa kwa kanga, nikakaa nacho.

Treni ya Mpanda, wamesema, imekwama ng'ambo ya Kaliua.
Maji yamekula tuta. Labda saa nane, labda kesho.
Siku nyingine ningelaani. Usiku huu nilisema moyoni:
Mvua, endelea.

Kwa sababu mle ndani nako inanyesha.
Nyumba ya shamba la mkonge, daraja limechukuliwa na mto,
wageni saba mezani, na wa nane yuko chumba cha vitabu,
kifudifudi juu ya zulia, saa yake ya mkononi imegoma saa tatu kasorobo.
Hakuna awezaye kutoka. Hakuna aliyeingia.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo zenyewe ni saba.

Nani asiyependa haya? Mtu amekufa
nami nakunywa chai ya tangawizi, wala sina haya.
Simlilii marehemu; hata jina lake nimeshalisahau.
Ninayemtaka ni yule mpelelezi mfupi, mtafuna njugu,
anayewaacha wakubwa wagombanie urithi
akaenda kuinama barazani, akagusa mwavuli kwa kidole.
"Huu," anauliza, "mbona mkavu?"
Kisha anafunga mdomo kurasa themanini!

Pembeni kuna aliyenitangulia.
Penseli, mwandiko wa kulalia kushoto.
Ukurasa wa ishirini: Ni daktari.
Wa arobaini na moja: Daktari kabisa! Amepiga mstari mara mbili.
Wa sabini, daktari anauawa.
Chini yake, neno moja: Samahani.
Nilicheka hadi Mhoja, mlinzi, akaja mbio na rungu.
Tisini na tatu kuna doa la asali, bado linanata.
Kwa hiyo: mtu wa Sikonge, au mwenye ndugu Sikonge,
mwepesi wa kushuku, mwepesi wa kutubu.
Pengine yeye ndiye aliyekisukumiza kitabu chini ya mizani,
kwa hasira, alipoujua mwisho.

Mimi nilimshuku mjane, kisha mpishi,
kisha, Mungu anisamehe, mpelelezi mwenyewe.
Saa saba umeme ukakatika. Nikasoma kwa tochi ya simu:
chaji asilimia sita, kurasa kumi na moja.
Nilipiga hesabu ambayo wahasibu wa reli hawajawahi kuipiga.

Na alipotajwa, sitasema ni nani,
sikushangaa kwamba sikujua.
Nilishangaa kwamba nilionyeshwa tangu mwanzo
nikatazama kando. Alikuwa pale pale, ukurasa wa tatu,
anaomba chumvi.

Mhoja anabembeleza: "Dada Kalunde, nitajie herufi ya kwanza tu."
Sitaji. Wizi uko wa namna nyingi,
na huo mimi siufanyi.
Nimemwambia: angalia mwavuli. Akaondoka ananung'unika,
kitabu kwapani, rungu kaliacha mlangoni.

Alfajiri honi ikalia upande wa Urambo.
Akaja bwana mmoja kutoka mjini, kaikata mvua yote kwa miguu,
viatu chapachapa, matope hadi magotini,
na mwavuli wake mkononi, mkavu kau.
Nikampimia mzigo. Nikampa risiti. Sikumuuliza neno.
Ila jina lake nimeliandika,
kwa penseli, pembeni.