Madebe Mawili

Isyonje, mwezi wa sita. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye haraka.
Fuso imeegeshwa, turubali limekunjwa,
na mimi, Anyelwisye, mzee wa kanisa, mnunuzi,
nimeshika debe.

Debe la kununulia nililitengeneza mwenyewe:
nyundo kwa ndani, polepole, pande zote nne,
mpaka likatoka tumbo kama mjamzito wa miezi minane.
La kuuzia, kule Uyole, nililipiga kwa nje.
Lina bonde la kulaza ngumi.
"Liligongwa na gari," nawaambia wateja.
Wanacheka. Nacheka nao.

Jumapili nafundisha vijana wa kipaimara.
Lugano, yule asiyekaa kimya, aliuliza:
Torati ya Musa inatuhusu nini sisi?
Nikamjibu kwa raha ya mtu aliyeshiba:
Ile ilikuwa ya wana wa Israeli, huko jangwani.
Sisi kitimoto tunakula, Jumamosi tunapalilia,
koti langu hili ni sufu na kitani pamoja
wala sijapigwa na radi.
Tuko katika neema.
Nikaandika NEEMA ubaoni kwa herufi kubwa.
Chaki ikakatika.

Neema, kwa Kinyakyusa, ni ipyana.
Ndilo jina la binti yangu, darasa la tano.
Juzi walifundishwa ujazo.
Akachota maji bombani kwa debe la kununulia,
akayamimina katika la kuuzia,
apate kuhakikisha neno la mwalimu kwamba debe ni lita ishirini.
Maji yakajaa. Yakafurika. Yakaendelea kufurika,
yakamlowesha soksi, yakaingia jikoni kwa mama yake.
"Baba," akasema, bila hila yoyote,
"sasa debe ni lipi?"

Hakuna mhubiri aliyewahi kuniuliza swali fupi namna ile.

Usiku nikafungua Torati niliyosema si yangu.
Nikaruka nguruwe, nikaruka ukoma, nikaruka mavazi,
nikawakuta watu wenye mawe mawili mkobani,
zito la kununulia, jepesi la kuuzia,
na Mungu akiyatazama mawe yale kwa kichefuchefu.
Hawakuwa jangwani. Walikuwa njia panda ya kwetu,
na mmoja wao amevaa koti langu.

Nilidhani sheria ni ngazi,
na kwa kuwa nimebebwa juu bure, ngazi ya nini tena?
Kumbe mle ndani alikuwamo Subilaga,
mjane, vidole vimepasuka kwa baridi,
akihesabu kwa sauti madebe sita
nami nikiondoka na saba.
Lile la saba ndilo lililokuwa likilindwa
tangu kabla Isyonje haijaitwa Isyonje.

Alfajiri nikalipiga debe nyundo nyingine.
Halikurudi sawa. Bati likishanyooshwa lina kumbukumbu.
Nikachukua bahasha, nikachukua na mtoto,
maana peke yangu miguu ilikataa.

Subilaga alikuwa kibarazani akichambua mbegu.
Nilisema yote. Nilisema na mengine ya kiroho,
kuhusu msamaha, kuhusu damu iliyokwisha kumwagika.
Akaniacha nimalize.
Akahesabu noti, akazihesabu tena
kwa kutoka chini kwenda juu.

"Hizi ni za mwaka huu," akasema.
"Amina. Na za mwaka juzi?
Ule mwaka uliomzika mume wangu, ukaomba sala ndefu,
keshokutwa yake ukaja na debe?"

Ukungu ulikuwa haujaondoka mlangoni.
Nikavuta kigoda, nikakaa.
Akaingia ndani kutafuta daftari.
Ipyana akatoa penseli yake.